Gari Lililogongwa: Kamba Kabla ya Nyundo



Hapa Magarama, mjini Gitega, gari lililogongwa huvutwa hadi uani, na nyundo huanza kulia siku ileile. Subirini polisi na bima waandike kwanza. Madigadi na bampa nyosheni wenyewe, hakuna ubaya. Lakini shikeni kamba. Nyosheni usukani, pimeni toka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limesukumwa (ila Renault 4 ya zamani, iliyotoka kiwandani hivyo). Rangi mpya hailirudishi, mpelekeeni fundi. Chungulieni pia mipira ya breki. Ikivuja, gari lisitoke uani, hata wenzetu wakichelewa kazini.