Insha Niliyoisahihisha Vibaya

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Leo nataka kulitoa kosa langu hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika nchi ya chai, Kericho na Bomet zinapopakana, niliwapa wanafunzi mada ya insha: "Siku Niliyofurahi Sana". Msichana mmoja akaandika kuhusu siku waliyohama nyumba ya kampuni. Mamake, mchumaji wa majani chai, alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa ya mfanyakazi, si ya yatima wake. Furaha pekee aliyoitaja ni kwamba siku hiyo mdogo wake hakulia. Nilimpa alama nne kwa ishirini, nikaandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada."

Baadaye nilisoma Two Leaves and a Bud, riwaya ya mwaka 1937 ya Mulk Raj Anand, mwandishi wa Kihindi aliyezaliwa Peshawar mwaka 1905. Majani mawili na chipukizi: hiyo ndiyo kanuni ya uchumaji anayoijua kila mtoto wa Kericho. Si ajabu, kwani miche ya chai ililetwa Kenya kutoka India mwaka 1903. Humo, mkulima maskini Gangu anahadaiwa aende kufanya kazi katika mashamba ya Assam. Mkewe anafariki kwa maradhi. Naye anauawa na msimamizi Mwingereza, ambaye mahakama inamwachilia huru.

Anand mwenyewe aliingia katika uandishi kupitia mlango wa msiba. Shangazi yake alijiua baada ya kutengwa na jamaa kwa kula pamoja na mwanamke Mwislamu. Kijana yule hakuumeza uchungu huo; aliushikia kalamu, na hakuiweka chini kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 98.

Sisi hupenda kuwasifu wachumaji chai kwa uvumilivu wao. Mara nyingi tunachokisifu ni kimya chao. Msichana yule alikataa kunyamaza. Aliutazama msiba wake, akaona ndani yake mtoto asiyelia, akaiita hiyo furaha. Je, ni nani aliyetoka nje ya mada?

Walimu wenzangu, tusome kwanza, ndipo tusahihishe. Nanyi wanafunzi, andikeni mliyoyaona. Laiti ningalijua aliko msichana yule, ningalimwomba daftari lake, niisome insha ile upya.