Kabla ya kumpeleka mtoto "akanyooshwe"

Jumamosi moja nilikuwa sokoni Walthamstow nanunua mihogo, mama mmoja wa kwetu akanishika mkono.

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 15, kaniharibikia. Bangi, usiku harudi. Nasikia kuna nyumba huko nyumbani, ukilipa wanakurudishia kaongoka. Wasemaje?"

"Marahaba mama. Nyumba yenyewe umeiona?"

Kaiona kwenye simu tu.

Wazazi wenzangu, simlaumu. Mfa maji hukamata maji. Lakini tuambizane kweli. Ndugu zetu Wasomali wana neno lao, dhaqan celis, kumrudisha mtoto kwenye mila. Vijana waliokulia Ulaya wamepelekwa Somalia na Kenya kwenye nyumba za namna hiyo, na baadhi wamerudi na habari za minyororo na viboko. Kaduna, Nigeria, Septemba 2019, polisi walitoa watu zaidi ya 300, wakubwa na watoto, katika nyumba iliyojiita madrasa na mahali pa kurekebisha tabia. Wamo waliopelekwa na jamaa zao wenyewe.

Wala tusidhani Uingereza kulikuwa shwari. Halmashauri zilikuwa zikiwaweka watoto walio chini ya ulezi wao katika nyumba zisizokaguliwa. Septemba 2021 sheria ikakataza hayo kwa walio chini ya miaka 16. Toka Oktoba 2023, nyumba za wenye miaka 16 na 17 lazima ziandikishwe Ofsted, wale wale wanaokagua shule. Ikiwa halmashauri yabanwa hivyo, mwenye nyumba ya mbali ni nani hata asiulizwe?

Basi kabla hujatoa hata senti, uliza. Nyumba imeandikishwa na nani? Kenya, vituo vya kutibu madawa ya kulevya huidhinishwa na NACADA, taka uone cheti. Daktari yupo? Mtoto atakupigia simu bila mtu kusimama pembeni? Pasipoti atashika nani? Jamaa yako aweza kugonga mlango siku yoyote bila kuaga? Jawabu moja likiwa baya, mtoto haendi.

Na hapa hapa anza na daktari wenu wa mtaa na shule yake. Kijana mwenyewe aweza kupiga Childline, 0800 1111, bure.

Yule mama alikuja kwangu na mwanawe. Kijana alikunywa chai vikombe viwili, kisha akasema halali usiku tangu babake aondoke. Mama yake hilo halijui. Hakuna aliyemuuliza.