Kambi ya gemu: Mzazi wa Kyela apige hesabu kabla ya kuuza gunia

MZAZI wa Ndandalo, wilayani Kyela, anajua kambi ni nini. Timu ya mpira ikikaribia mechi kubwa huingia kambini, wachezaji wakala na kulala mahali pamoja, na kocha akajua nani kachelewa kurudi. Lakini anapoelezwa na kijana wake kwamba zipo kambi za namna hiyo kwa wacheza gemu za kompyuta, na kwamba kijana anataka kutuma maombi ya kwenda kuishi huko, hucheka kwanza. Baada ya kucheka huuliza nauli nani atalipa.

Swali hilo la nauli ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu katika wilaya inayoishi kwa mpunga na kakao, fedha ya safari ya kijana hutoka shambani.

Kambi zenyewe si hadithi za vijiweni. Zilishamiri Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 nchi hiyo ilitandaza intaneti ya kasi, na gemu ya StarCraft iliyotoka mwaka 1998 ikajaza watu kwenye vibanda vya kompyuta. Mwaka 2000 kikaanzishwa chama cha kusimamia mchezo huo, KeSPA. Makampuni makubwa kama SK Telecom, KT na Samsung yakadhamini timu, na timu zikakodi nyumba. Mchezaji alilala kitanda cha juu, mwenzake cha chini, mpishi akapika, na mazoezi yakaenda saa 10 hadi 12 kwa siku. Mtindo huo ukahamia China, Ulaya na Marekani.

Kwa mdhamini, nyumba ni kiwanda. Anataka wachezaji watano wafanye kazi kwa pamoja kwenye mtandao mmoja wenye kasi, chini ya kocha mmoja, wakiwa wamevaa fulana yenye nembo yake. Kuwapangia nyumba ni rahisi kuliko kuwalipa mshahara wa kutosha kila mmoja ajipangie. Ndiyo maana timu nyingi za Marekani zilipopata fedha zaidi, ziliwahamishia wachezaji wake kwenye vyumba vyao binafsi na kubakiza ofisi ya mazoezi tu. Kijana anayeiota nyumba hiyo kama fahari hana budi kujua kwamba wenzake waliokuwamo walifurahi kutoka.

Kuna jambo jingine linalomfanya kijana wa Kyela aitamani kambi, nalo ni umbali. Gemu ya ushindani huchezwa kupitia seva, na seva nyingi kubwa ziko mbali na Afrika Mashariki. Alama ndani ya mkongo wa kioo husafiri takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 kwa njia ya mkongo, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama kila mtambo njiani unafanya kazi bila kasoro. Mpinzani anayeishi mji mmoja na seva anapata jibu kwa chini ya milisekunde 10. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ulipunguza sana tatizo la kupitisha mawasiliano kwenye setilaiti, lakini haukuisogeza Ulaya. Hapo kijana ana hoja: hata akiwa hodari, akibaki Ndandalo risasi yake inachelewa kufika.

Maombi nayo hayaendi kama maombi ya kazi ya halmashauri. Barua nzuri na vyeti havifungui mlango. Timu inaangalia jina la mchezaji ndani ya gemu na nafasi aliyoshika katika orodha ya ubora ya seva husika, ambayo yeyote anaweza kuiona. Mara nyingi makocha ndio humwandikia mchezaji wakishamwona huko juu. Pale timu inapotangaza nafasi, huomba umri, kitambulisho, rekodi za mechi na lugha anazozungumza mwombaji, kwa kuwa watano wasioelewana kwa sauti hawachezi. Wanaofaa huitwa kwenye mechi za majaribio kwa mtandao, kisha wachache hukaribishwa kambini kwa wiki kadhaa. Mkataba huja mwisho.

Katika hatua zote hizo hakuna mahali ambapo timu ya kweli inamtoza mwombaji ada ya usajili au fedha ya kushika kitanda. Anayedai itumwe kwa simu leo kabla nafasi hazijaisha anatafuta fedha, hatafuti mchezaji. Timu iliyomhitaji mtu hulipa tiketi na kushughulikia viza. Marekani, kwa mfano, ilianza mwaka 2013 kuwapa wachezaji wa League of Legends viza ya wanamichezo wa kulipwa, na ombi la viza hiyo hufunguliwa na mwajiri. Gharama inayoweza kumwangukia mzazi mapema ni pasipoti, ambayo ya kielektroniki ilipoanza kutolewa mwaka 2018 ilikuwa na ada ya Sh150,000, pamoja na safari ya Dar es Salaam ya zaidi ya kilomita 900.

Penye hatari zaidi ni kwenye mkataba. Wakulima wa Kyela wanaijua njuli, ile biashara ya kumuuzia kakao mbichi mnunuzi anayefika shambani na fedha taslimu wakati nyumba ina shida. Mwenye fedha huondoka na faida yote ya kuchachusha, kukausha na kusubiri mnada. Mkataba wa kambi unaweza kuwa njuli ya aina hiyo. Timu inalisha, inalaza na kumpa kijana vifaa, kisha inachukua sehemu ya zawadi, ya matangazo na ya mapato ya video zake kwa miaka kadhaa. Mei 2019 mchezaji wa Fortnite, Turner Tenney, aliishitaki klabu yake ya FaZe Clan ya Los Angeles akidai mkataba uliiruhusu kuchukua hadi asilimia 80 ya baadhi ya mapato yake ya udhamini. Klabu ilikana kumnyonya ikasema ilichochukua ni kidogo sana, na mwaka 2020 pande hizo zilimaliza shauri kwa makubaliano. Huyo alikuwa tayari na jina na wanasheria.

Hata mgawo ukiwa wa haki, hesabu ni nyembamba. Tuseme timu imeshinda Dola 10,000 na nyumba inachukua asilimia 20. Zinabaki 8,000 za kugawana wachezaji watano na kocha, yaani takribani Dola 1,333 kila mmoja. Kama zawadi hiyo ilitafutwa kwa miezi minne, kwa saa 60 za mazoezi kila wiki, kila saa imelipa kama Dola 1.3. Na timu nyingi hazishindi.

Bei ya soko hilo nayo huyumba kuliko ya kakao. Wakulima waliona tani moja ya kakao ikivuka Dola 12,000 kwenye soko la dunia Desemba 2024, na kufikia mwishoni mwa 2025 ikiwa imeshuka hadi karibu nusu. Mashindano makubwa ya Dota 2, The International, yalikuwa na zawadi ya Dola milioni 40 mwaka 2021; mwaka 2024 hazikufika milioni 3. Hakukuwa na ukame wala ugonjwa wa miti. Sehemu kubwa ya zawadi ilitokana na asilimia 25 ya mauzo ya bidhaa za ndani ya gemu, na kampuni yenye gemu hiyo, Valve, ikaamua kubadili utaratibu wa mauzo. FaZe Clan yenyewe iliingia soko la hisa Julai 2022 ikithaminiwa karibu Dola milioni 725, na Oktoba 2023 ikakubali kununuliwa kwa takribani milioni 17.

Yupo Faker wa Korea Kusini, Lee Sang-hyeok, aliyejiunga na timu ya SK Telecom mwaka 2013 na bado alikuwa bingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 29. Vijana humtaja yeye. Wengi walioanza naye waliacha kabla ya kufika miaka 25, umri ambao mche wa kakao uliopandwa mwaka huohuo wa kuanza ungekuwa bado una miaka mingi ya kuzaa.

Mfano wa karibu zaidi uko Nairobi. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayecheza Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani akiwa mwanafunzi wa sheria, na aliendelea na masomo. Tekken ni mchezo wa mmoja kwa mmoja, hauhitaji watano chini ya paa moja. Kwa kijana asiye na mtaji, kuchagua gemu ya namna hiyo, au ya simu ambayo haihitaji kompyuta ya mamilioni, ni uamuzi wa kiuchumi kama kuchagua mbegu.

Basi mchukulie kijana wa miaka 19 anayemuomba baba yake auze magunia ya mpunga ili anunue kompyuta na kutuma maombi. Kabla ya gunia kutoka ghalani, aulizwe yuko nafasi ya ngapi kwenye orodha ya seva yake, na aioneshe. Kama yuko mbali, bando la mwezi linatosha kumpima kwa msimu mmoja, huku akiendelea na shule au na kazi ya shamba. Kama yuko juu kweli na mwaliko umekuja, familia idai mkataba kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kusaini, impelekee wakili wa Mbeya au Kyela mjini ausome kwa Kiswahili mbele ya kijana, na itazame vipengele vitatu: muda wa mkataba, nani anamiliki jina lake la mchezo akiondoka, na nani analipa tiketi ya kurudi akiachwa. Akiwa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kujifunga kwa mkataba huo, na timu isiyouliza umri wake ijibiwe kwamba atasubiri.