Kiwanda Kisicho na Ukuta

Barabara ya kaskazini ya Unguja hupita Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni, na baada ya kilomita zipatazo 60 kutoka Mjini huishia Nungwi. Magari mengi hapo hukata kona kuelekea hotelini. Sisi tuliufuata mlio wa nyundo hadi ufukweni. Jahazi lilikuwa limeegemezwa kwa magogo, upande mmoja umekwisha kuvikwa mbao, wa pili mataruma, mbavu zake, yangali wazi.

Ukuta hakuna, mlango hakuna, lakini adabu ipo. Mgeni hutoa salamu, akangoja aitikiwe, ndipo asogee kwenye chombo. Fundi mkuu aliitikia shikamoo zetu tezo ikiwa mkononi, akatuonyesha kivuli. Nilipomwuliza uliko mchoro alinitazama kwa upole. "Wa nini, mwanangu? Mimi nakiona," akasema, akainamia kazi yake.

Anachokiona huanza na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, uliolazwa mchangani. Husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma, kisha mbao za chini hupigwa, na mataruma hufuata. Hapo fundi huchagua sana. Taruma zuri ni tawi lililopinda lenyewe likikua, kwa kuwa nyuzi za mti huo zimeufuata mpindo. Ubao ulionyooka ukichongwa mviringo, nyuzi zake hukatika, na nguvu huondoka nazo.

Kijana hafundishwi haya kwa maneno mengi. Huokota misumari, hushika ncha ya ubao wengine wakipima, baadaye huachiwa keekee atoboe, akivuta uta wake mbele na nyuma. Kalafati huja akishaaminika. Pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika kila mwanya wa mbao, na uvivu wa mahali pamoja tu utawafikia mabaharia wakiwa mbali na nchi kavu. Nilimwona mvulana akirudia mwanya aliokwisha kuuziba, bila kuambiwa na mtu. Nilimheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Chini ya chombo hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kisha hungojwa bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ili chombo kishuliwe. Siku ya kushua husomwa dua, ubani hufukizwa, watu hulishwa, na kamba hushikwa na wote: mvuvi, muuza duka, kijana aliyekuwa akipita. Kwangu mimi mila yenyewe iko hapa. Aliyevuta leo naye atavutiwa chombo chake, na deni hilo haliandikwi popote.

Mbao nzuri zimekuwa adimu na ghali, na boti za faiba zinaongezeka. Hata hivyo hofu yangu kubwa ni ufukwe. Mchanga unaotamaniwa na wenye hoteli ndio huo huo mafundi wanaoutegemea. Nawasihi wanaogawa viwanja vya pwani waiache wazi njia ya majahazi. Mafundi wanaweza kununua mbao kutoka bara, wanaweza hata kutumia mashine za umeme. Lakini pasipo mteremko wa kufikia maji, na nafasi ya watu kujipanga na kamba, hakuna atakayelaza mkuku.