Injini Ikizimika Njiani, Lalamiko Lina Pa Kwenda



Mwezi uliopita dada yetu mmoja, afanyaye kazi ya usiku katika ghala, alikuwa akirejea nyumbani alfajiri kwa gari lake, akiwa amewapakia wenzake wawili wanaoishi jirani naye. Walipokuwa katika njia ya kati ya barabara kuu, injini ilianza kugonga, mlio kama wa nyundo ndani ya debe. Taa nyekundu ya oili ikawaka, na kabla hajajua la kufanya injini ikazimika. Usukani ukawa mzito mikononi mwake. Nyuma yao lori likapiga honi na kuwapita kwa upana wa kiganja. Kwa rehema za Mungu gari lilikuwa bado lina mwendo wa kutosha kulifikisha ukingoni mwa barabara, na wote watatu wakasalimika.

Fundi alipolifungua gari alisema injini imenoki na haifai tena, na bei aliyoitaja ya kuweka nyingine ilizidi bei ambayo gari lenyewe lilinunuliwa. Dada yetu hakubishana na mtu. Alisema, "Ndiyo bahati yangu," akaanza kupanda basi mbili kwenda kazini, huku kila mwezi akiendelea kulipa mkopo wa gari lisilotembea.

Majuma mawili baadaye tulikwenda kumsaidia kupanga karatasi zake. Ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya barua alizozidhania kuwa ni za matangazo, tulikuta bahasha ambayo haijafunguliwa. Ilikuwa barua kutoka kwa watengenezaji wa gari lake, ikimwarifu kwamba injini za aina ile zimegunduliwa kuwa na kasoro, na kumtaka alipeleke gari likatazamwe na kutengenezwa pasipo malipo yoyote. Barua ilikuwa na umri wa miezi saba.

Hatutaji aina ya gari lake, wala hatuandiki haya kwa kumlaumu. Tunayaandika kwa sababu tangu siku ile tumewauliza watu wengi wa jumuiya yetu kuhusu magari yao, na tumesikia visa vinavyofanana: injini inayokula oili kupita kiasi, gari linalozimika penye taa za barabarani, moshi unaotoka chini ya boneti. Tulipouliza, "Je, ulimlalamikia nani?" jibu lilikuwa karibu lile lile: "Nilimwambia fundi."

Jibu hilo lina asili yake. Kule tulikotoka, gari lilifika bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Mwenye kiwanda alikuwa ng'ambo ya bahari, hajui kama gari lile lingali hai. Aliyekuwa karibu ni fundi chini ya mwembe. Gari likifa, mtu alimwendea fundi, akalipa, akanyamaza. Tumekuja na mazoea hayo hadi hapa Marekani, mahali ambapo kunyamaza kwaweza kumpotezea mtu fedha, na pengine uhai.

Hebu tutazame kisa kimoja kinachojulikana na umma wote, ili tuone jinsi malalamiko ya watu wa kawaida yanavyofanya kazi. Ni kisa cha injini zilizopewa jina la Theta II, za lita 2.0 na lita 2.4, ambazo kampuni za Hyundai na Kia za Korea ya Kusini ziliziweka katika magari yaliyouzwa kwa wingi sana nchini humu.

Ndani ya injini mna mhimili wa chuma uitwao krankshafti. Pistoni zinapopanda na kushuka, konrodi huuzungusha mhimili huo, na pale konrodi inapoukamata pana beringi nyembamba ambazo haziwezi kuishi bila oili. Oili huzifikia kwa kupita katika vijitundu vilivyotobolewa ndani ya krankshafti yenyewe. Mwezi Septemba 2015 Hyundai iliyaita magari kiasi cha 470,000 aina ya Sonata, ya miaka 2011 na 2012. Ilieleza kwamba vipande vidogo vya chuma vilivyobaki wakati krankshafti inachongwa viliweza kuizuia oili isizifikie beringi. Beringi ikikosa oili hulika, injini huanza kugonga, kisha hukwama. Na konrodi ikikatika, yaweza kuutoboa ubavu wa injini, oili ikamwagikia vyuma vyenye moto.

Mwaka 2017 kampuni hizo mbili ziliita magari mengine yapatayo milioni 1.2, yakiwamo Santa Fe Sport upande wa Hyundai, na Optima, Sorento na Sportage upande wa Kia.

Hayo hayakujitokeza yenyewe. Kulikuwa na watu wa makundi mawili waliosema. Kundi la kwanza ni wenye magari, ambao mmoja mmoja waliandika kueleza yaliyowapata. Mwaka 2019, serikali ilipofungua uchunguzi kuhusu magari ya kampuni hizo yaliyowaka moto pasipo kugongana na kitu, ilikuwa na taarifa za mioto zaidi ya 3,100 na majeruhi 103. Kila tarakimu katika hesabu hiyo ni mtu aliyekataa kunyamaza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kundi la pili lilikuwa la mtu mmoja. Kim Gwang-ho alikuwa mhandisi wa Hyundai kwa zaidi ya robo karne. Mwaka 2016 alizipeleka nyaraka za kampuni kwa wakuu wa usalama wa magari wa Marekani, akisema kwamba kampuni yake haikuitendea kasoro hiyo kama sheria inavyotaka. Mwaka ule ule alifukuzwa kazi. Lakini mwezi Novemba 2020 serikali ya Marekani ilitangaza mapatano ambayo kwayo kampuni hizo mbili zilikubali mzigo wa jumla ya dola milioni 210, Hyundai milioni 140 na Kia milioni 70, kwa kuchelewa kuyaita magari zaidi ya milioni 1.6 yenye injini hizo. Mwaka uliofuata Kim alizawadiwa zaidi ya dola milioni 24 kwa ushahidi wake.

Asidhani mtu kwamba ila hizi ni za Wakorea peke yao. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya hapa hapa Marekani iliyaita magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Ufunguo uliweza kujirudisha wenyewe gari likiwa katika mwendo, injini ikazimika, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva isifumuke ajali ikitokea. Mfuko wa fidia uliowekwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Ndani ya kampuni walikuwamo waliozijua dalili za kasoro ile miaka mingi kabla ya hapo.

Sasa tuje kwetu. Ipo idara ya serikali kuu inayoshughulikia usalama wa magari na barabara, ambayo kwa kifupi chake cha Kiingereza huitwa NHTSA. Mwenye gari lolote aweza kuipelekea lalamiko kwa tovuti yake au kwa simu nambari 1-888-327-4236, bila kulipa chochote. Fomu huuliza jina, anwani, gari na yaliyotokea. Haiulizi uraia wala hati za uhamiaji. Lalamiko huwekwa mahali ambapo umma waweza kulisoma, lakini jina la mlalamikaji halitolewi. Tuseme kweli: idara hiyo haitakulipia injini yako. Kazi yake ni kuyakusanya malalamiko, kuyalinganisha, na kuchunguza pale yanapofanana. Kumlalamikia muuza magari au fundi hakutoshi, kwa kuwa maneno yale huenda yakaishia pale pale karakana.

Kabla ya kulalamika, tafuta kwanza kama gari lako limekwisha kuitwa. Kila gari lina nambari yake ya utambulisho, iitwayo VIN, yenye herufi na tarakimu 17. Utaiona chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Iingize nambari hiyo katika tovuti ya NHTSA, nayo itakuonyesha kama kuna matengenezo ya usalama ambayo gari lako bado linayangoja. Asiye na ujuzi wa kompyuta na amwombe mwanawe; hiyo ni kazi ya dakika tano.

Gari likiwa limeitwa, yafaa kujua haya. Matengenezo ni ya bure maadamu gari halijapita miaka 15 tangu liliponunuliwa jipya mara ya kwanza. Haijalishi wewe ni mnunuzi wa pili au wa tano. Si lazima urudi kwa aliyekuuzia. Wakala yeyote aliyeidhinishwa na kampuni hiyo anapaswa kukuhudumia. Na ikiwa ulikwisha kulipia matengenezo hayo kwa fedha zako kabla gari halijaitwa, waweza kuomba urejeshewe, ila utatakiwa uonyeshe stakabadhi.

Juu ya stakabadhi tunaomba tusisitize. Katika mkasa wa injini za Theta II, wamiliki wengi waliodai injini mpya waliulizwa ushahidi kwamba walikuwa wakibadilisha oili kwa wakati. Sisi tumezoea kubadilishiwa oili na jamaa, nyuma ya nyumba, kwa ahsante na kikombe cha chai. Si vibaya. Lakini tunza risiti ya oili na chujio ulivyonunua, na uandike katika daftari tarehe na maili ilizosoma dashibodi. Daftari la senti chache laweza kuokoa maelfu ya dola.

Wanaonunua gari lililotumika nao wajihadhari. Sheria ya nchi nzima haimlazimishi muuza magari makuukuu kuyamaliza matengenezo ya usalama kabla ya kukuuzia. Humlazimisha kubandika dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana au halina. Ukiona maneno "AS IS", maana yake ni "kama lilivyo": ukishatia saini, katika majimbo mengi ubovu ni wako. Basi iangalie nambari ya gari kabla ya kutia saini, si baadaye. Rahisi huvunja upishi.

Tena ukihama nyumba, badilisha anwani yako katika ofisi inayosajili magari. Barua za kuita magari hupelekwa kwa anwani iliyosajiliwa, nasi ni watu wa kuhamahama. Bahasha yenye maneno "SAFETY RECALL" si tangazo. Usiitupe kabla hujamwonyesha ajuaye kusoma.

Mwisho, yakikupata barabarani. Injini ikianza kugonga, usijipe moyo kwamba utafika nyumbani. Toka barabarani na uizime. Ikizimika yenyewe katika mwendo, usukani utakuwa mzito lakini bado unageuka, na breki zitabaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu. Kanyaga kwa nguvu moja na ushikilie, usipigepige. Washa taa za tahadhari na uelekee ukingoni. Ukiona moshi, toeni watu kwanza, mizigo iachwe, msimame mbali na gari, ndipo mpige simu 911. Na ukipata barua inayokutaka uegeshe gari nje, mbali na nyumba, itii siku hiyo hiyo. Mwezi Septemba 2023 wenye magari zaidi ya milioni 3 ya kampuni zile zile mbili za Korea waliagizwa hivyo, kwa kuwa hitilafu katika mtambo wa breki iliweza kuwasha moto hata injini ikiwa imezimwa.

Kuhusu dada yetu, tulikaa naye jioni moja mezani kwake, tukampigia simu mtengenezaji wa gari, tukayaandika majina ya waliotujibu na saa waliyotujibu, na tukalipeleka lalamiko lake NHTSA. Stakabadhi za oili alikuwa nazo tatu tu. Jibu la kampuni halijafika, nasi hatuwezi kumwahidi kwamba litakuwa jema. Bado anapanda basi mbili kila usiku. Lakini habari zake sasa zimeandikwa mahali zinapohesabiwa, na huenda mtu asiyemjua, katika jimbo asilopata kulifika, akasalimika kwa sababu hiyo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya mkutano wa wazazi, tutakaa na kompyuta moja ukumbini. Njoo na nambari 17 za gari lako, na ule mfuko wa barua ambazo hujazifungua.