Wakili wa Hataza: Mwanasayansi Anayehamia Kwenye Sheria

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ruhusa yake kwa muda maalumu, ambao kwa mujibu wa TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki miliki wa mwaka 1994, haupungui miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha maombi, na kwa kubadilishana na haki hiyo mvumbuzi hulazimika kueleza hadharani namna uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Anayeyaandika maombi hayo na kuyatetea mbele ya wakaguzi wa ofisi ya hataza huitwa wakili wa hataza, naye, tofauti na wanasheria wengi, kwa kawaida huanzia katika maabara ya kemia, karakana ya umeme au darasa la fizikia, kisha sheria humfikia baadaye.

Mpangilio huo una sababu. Ili uvumbuzi ustahili hataza, ni lazima uwe mpya, uweze kutumika viwandani, tena uwe na hatua ya kiuvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika angeliona wazi. Sharti hili la mwisho ndilo lenye utata mkubwa, kwa kuwa ni vigumu kuamua iwapo mchanganyiko fulani wa dawa ulikuwa wazi kwa mkemia bila kuweza kufikiri kama mkemia.

Kiini cha maombi ni madai, ambayo ni sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa, na kila dai huandikwa kwa sentensi moja hata ikijaza ukurasa mzima. Dai likiwa jembamba mno, mshindani hubadili kifaa kimoja na kuendelea na biashara yake; likiwa pana mno, hugusa yaliyokwisha kujulikana na huweza kubatilishwa. Wilbur na Orville Wright waliandika wenyewe maombi yao ya kwanza ya hataza ya mashine ya kuruka mwaka 1903, yakakataliwa. Mwaka uliofuata walimkabidhi kazi hiyo wakili Henry Toulmin wa Springfield, Ohio, ambaye hakuijenga hoja yake juu ya injini, bali alidai namna ya kuitawala ndege hewani kwa kubadili pembe za pande mbili za mabawa. Hataza ilitolewa mwaka 1906, na madai yake yalikuwa mapana kiasi kwamba mahakama za Marekani ziliona hata vibawa vidogo vilivyotumiwa na mshindani wao Glenn Curtiss, ambavyo havikulipinda bawa lenyewe, vimo ndani ya mipaka hiyo. Iwapo upana huo uliusaidia usafiri wa anga ama uliuchelewesha ni suala linalobishaniwa hadi leo. Ufundi wa Toulmin ni vigumu kuubishia.

Njia za kuingia katika kazi hii hutofautiana. Nchini Marekani, mwenye shahada ya sayansi au uhandisi anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza na kusajiliwa kuwa wakala bila kusoma sheria, ila hawezi kumwakilisha mteja mahakamani mpaka awe mwanasheria kamili. Barani Ulaya, anayetaka kutetea maombi mbele ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, kwa kawaida huhitaji shahada ya namna hiyo pamoja na takriban miaka mitatu ya mafunzo chini ya mwakilishi aliyesajiliwa, kabla ya mtihani ambao sifa yake ya ugumu si ya kusingiziwa.

Mfano bora wa mtu wa pande zote mbili ni Chester Carlson, aliyehitimu fizikia katika Taasisi ya Teknolojia ya California mwaka 1930, akaajiriwa katika idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory jijini New York na kusoma sheria usiku. Kero ya kukosa nakala za kutosha za hati za hataza ndiyo iliyomsukuma kubuni njia ya kunakili kwa umeme tuli na mwanga, ambayo baadaye ilizaa mashine za Xerox. Nakala ya kwanza ilipatikana tarehe 22 Oktoba 1938, lakini Carlson, aliyeijua vyema thamani ya tarehe, alikuwa amewasilisha maombi ya awali tangu mwaka 1937.

Afrika Mashariki, maombi hupokewa na taasisi ya KIPI nchini Kenya na wakala wa BRELA kwa Tanzania Bara, na Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 humwezesha mvumbuzi kuwasilisha ombi moja kwa ajili ya nchi kadhaa wanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu. Hatari hutokea pale mtafiti anapotaka ulinzi nje ya kanda, kwa sababu Ulaya huihesabu makala ya jarida au mada ya kongamano iliyotangulia maombi kuwa imeufuta upya wa uvumbuzi, ilhali Marekani humwachia mvumbuzi nafasi ya mwaka mmoja. Ndiyo maana wakili, kabla hajaugusa uvumbuzi wenyewe, humuuliza mtafiti kama amekwisha kuuchapisha au kuuzungumzia popote, na jibu likiwa ndiyo, huomba tarehe.