Dian Fossey: Yale ambayo filamu haikuyasimulia kuhusu gorila wa Virunga

MWAKA wa 1988, muda usiotimia miaka mitatu tangu mtafiti Dian Fossey auawe nchini Rwanda, filamu kuhusu maisha yake ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema. Filamu hiyo, Gorillas in the Mist, ilichukua jina la kitabu ambacho Fossey mwenyewe alikuwa amekichapisha mnamo 1983. Mwelekezi wake alikuwa Mwingereza Michael Apted, naye Mmarekani Sigourney Weaver akaigiza nafasi ya mtafiti huyo.

Weaver alituzwa Golden Globe kwa uigizaji wake, na filamu yenyewe ikateuliwa kuwania tuzo tano za Oscar. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi wanapomtaja Fossey hadi leo, sura inayowajia akilini ni ya mwigizaji huyo akiwa ameketi majanini, ukungu umetanda, na gorila mkubwa akimkaribia taratibu.

Picha hizo hazikuwa za kughushi. Weaver aliketi na gorila halisi katika milima ya Rwanda, akiigiza kulingana na walivyotaka wanyama wenyewe, kwa kuwa hakuna mwelekezi awezaye kumwamuru gorila. Pale ambapo hapana budi mnyama ajeruhiwe au auawe ndipo mtaalamu Rick Baker alipotengeneza mavazi ya kuwavalisha waigizaji. Sehemu nyingine za filamu zilipigwa hapa Kenya.

Hata hivyo, filamu ina saa mbili tu, ilhali Fossey alikaa milimani karibu miaka 18. Katika kufupisha huko, kuna mambo yaliyoachwa nje ambayo ndiyo hasa yanayoeleza kwa nini gorila wa milimani wangali hai.

Kisa chenyewe kinaanzia mikononi mwa mzawa wa Kabete. Dkt Louis Leakey, mtaalamu wa chimbuko la binadamu, aliamini kuwa mtu akitaka kujua wahenga wa kale waliishi vipi, basi na awachunguze wanyama wanaofanana nao kwa karibu. Mnamo 1960 alikuwa amemtuma Jane Goodall kwenda Gombe, nchini Tanzania, kuwachunguza sokwe. Sasa alitaka mtu wa kwenda kwa gorila.

Fossey hakuwa mwanasayansi wakati huo. Alikuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu katika hospitali moja mjini Louisville, Marekani. Alikuwa amekutana na Leakey kwa mara ya kwanza Olduvai mnamo 1963, alipozuru Afrika kwa fedha za mkopo. Leakey alipofika Louisville mwaka wa 1966 kutoa mhadhara, Fossey alimwendea, na mazungumzo yao yakaishia kwa yeye kupewa kazi hiyo. Leakey alimshauri atolewe kidole tumbo kabla ya safari. Fossey alipokwisha kupasuliwa, akaletewa barua ya kumweleza kwamba haikuwa lazima: mzee alitaka tu kupima azma yake.

Mwanzoni mwa 1967 alipiga hema Kabara, upande wa Congo, mahali ambapo Mmarekani George Schaller alikuwa amewachunguza gorila miaka michache kabla yake. Mfuata nyayo wake huko alikuwa Sanwekwe, Mkongo aliyeufahamu msitu huo na ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi na Schaller. Ni yeye aliyemfundisha Fossey kusoma alama za majani yaliyokanyagwa. Nafasi ya msaidizi huyo katika filamu imepewa mhusika wa kubuniwa kwa jina Sembagare, aliyeigizwa na John Omirah Miluwi.

Miezi sita baadaye, ghasia za kisiasa zilizuka Congo na wanajeshi wakamteremsha Fossey kutoka mlimani. Alitoroka akapitia Uganda, na mnamo Septemba 24, 1967 akaanzisha kituo kipya upande wa Rwanda. Kwa kuwa kilikuwa katikati ya milima ya Karisimbi na Visoke, aliunganisha majina hayo mawili akakiita Karisoke.

Hapo ndipo filamu inapokimbia, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Gorila wa milimani walimwogopa binadamu, na walikuwa na sababu. Ili wamzoee, Fossey alijifunza kutembea kwa magoti na vifundo vya vidole, kujikuna, kujifanya anatafuna majani, na kuiga mguno mzito ambao gorila huutoa wanapokula kwa utulivu. Alijifunza pia kutomkazia macho dume, kwani kwa gorila kukodolewa macho ni kutishwa. Haya yote yalifanyika mvua ikinyesha, kwenye miteremko yenye matope, kwa mtu ambaye alikuwa na mapafu dhaifu na aliyevuta sigara kupita kiasi.

Aliwatambua kwa pua. Mikunjo iliyo juu ya tundu za pua ya gorila haifanani na ya mwenzake, kama zilivyo alama za vidole vya binadamu. Fossey alichora pua ya kila mmoja, akampa jina, na kuandika nani alizaliwa lini, nani alihama kundi, nani alipigana na nani. Baadhi ya majina hayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: jike mmoja aliitwa Macho kwa ukubwa wa macho yake, na mwanawe akaitwa Kweli.

Kutokana na daftari hizo ulimwengu ulijifunza kuwa gorila, aliyekuwa akichorwa kama zimwi, ni mnyama mpole anayekula majani na kuishi katika jamaa chini ya dume mzima mwenye mvi mgongoni. Ulijifunza pia kwamba upole huo una mipaka. Majike huhama kutoka kundi moja hadi jingine, na dume mgeni anaweza kumuua mtoto mchanga ili mama yake ashike mimba upya. Uchunguzi huo ulimpatia Fossey shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mnamo 1970, gorila aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono akaugusa wa Fossey, mpigapicha Bob Campbell akishuhudia. Filamu imeligeuza tukio hilo kuwa moja ya vilele vyake, na inastahili. Lakini mtazamaji hapati kuhisi uzito wa miaka mitatu iliyotangulia, ya kukaa, kungoja na kuandika.

Kifo ambacho filamu inakikalia kwa kirefu ni cha Digit, dume kijana ambaye Fossey alimpenda kuliko wote. Mnamo Desemba 31, 1977, majangili walimdunga kwa mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Julai mwaka uliofuata waliuawa kiongozi wa kundi hilo, Uncle Bert, pamoja na Macho. Kweli, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alipigwa risasi begani na akafa baada ya miezi kadhaa.

Baada ya hapo Fossey hakuwa yule yule. Filamu, kwa sifa yake, haimfichi: tunamwona akichoma vibanda vya wawindaji na kumtisha mmoja wao kwa kamba ya kunyongea. Lakini inaacha hisia kwamba kila aliyeingia msituni alifuata vichwa vya gorila. Sivyo ilivyokuwa. Wengi wa wawindaji, wakiwemo Batwa waliokuwa wakiishi kwa uwindaji tangu jadi, walitega vitanzi ili wanase paa na mbawala wa kitoweo. Gorila alinasa mkono au mguu kwa bahati mbaya, na kidonda kikamwoza.

Mtego wa aina hiyo hauondolewi kwa hotuba. Unaondolewa na mtu anayepita msituni kila siku na kuukata. Katika kipindi cha miezi minne mnamo 1979, wafanyakazi wanne Waafrika wa kituo cha Karisoke waliharibu vitanzi 987. Hiyo si kazi inayopendeza kwenye sinema, kwa kuwa siku moja hufanana na nyingine, lakini ndiyo iliyoleta tofauti.

Jambo jingine ambalo halimo katika filamu ni ardhi. Mnamo 1969, takriban hekta 10,000 za mbuga hiyo upande wa Rwanda zilimegwa kwa ajili ya kilimo cha pareto, zao wanalolijua vyema wakulima wa Kisii, Molo na Nyandarua. Pareto hiyo ilikuwa ya kutengenezea dawa ya kuulia wadudu, na mradi wenyewe ulifadhiliwa kutoka Ulaya. Kwa hivyo, wakati jangili alipokuwa akilaumiwa kwa kuua mnyama mmoja mmoja, karatasi zilizotiwa saini ofisini zilikuwa zimewanyang'anya gorila sehemu kubwa ya makao yao. Schaller alikuwa amekadiria kuwa Virunga ilikuwa na gorila kati ya 400 na 500. Kufikia hesabu ya 1981, walibaki takriban 250.

Mwishoni mwa miaka ya sabini kulikuwepo pendekezo la kukata eneo jingine la mbuga kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe. Watafiti wawili Wamarekani, Bill Weber na Amy Vedder, waliofika Karisoke mwaka wa 1978, walijenga hoja kwamba watalii wachache wanaolipa vizuri kuwaona gorila wangeiletea serikali manufaa kuliko ng'ombe. Hoja hiyo ilishinda.

Fossey aliupinga utalii huo. Alihofia kuwa wageni wangewaletea gorila magonjwa na kuwazoesha watu ambao siku moja wangewadhuru. Hofu yake haikuwa upuuzi: mafua ya binadamu yanaweza kumuua gorila, na ndiyo sababu wageni wa siku hizi huruhusiwa saa moja tu na huwekwa mbali. Lakini kuhusu mustakabali wa mbuga, historia imekuwa upande wa Weber na Vedder. Mwanakijiji mwenye shamba la viazi ukutani mwa mbuga anahitaji sababu ya kuuacha msitu usimame, na mapenzi ya mgeni kwa gorila, hata yakiwa makubwa kiasi gani, hayamlipii mtoto karo.

Tangu 2017 mgeni kutoka nje hutozwa dola 1,500 za Marekani kuwaona gorila nchini Rwanda kwa hiyo saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga hutengewa jamii zinazopakana nazo.

Fossey aliuawa kwa panga ndani ya kibanda chake usiku wa Desemba 26, 1985. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mwanafunzi mmoja Mmarekani bila ya yeye kuwepo, lakini mwenyewe alikana na wengi hawakuridhika na ushahidi. Filamu nayo haimtaji muuaji, na huo ni uamuzi wa busara. Mtafiti huyo alizikwa Karisoke, kando ya Digit.

Vita vya miaka ya tisini na mauaji ya kimbari ya 1994 viliharibu kituo hicho, na shughuli zake zikahamishiwa mjini. Wafuata nyayo Wanyarwanda walirejea msituni kila usalama uliporuhusu. Hesabu iliyofanywa 2015 na 2016 ilipata gorila 604 katika Virunga; wakijumlishwa na wa Bwindi, Uganda, idadi inapita 1,000. Mnamo 2018, shirika la IUCN liliwaondoa katika orodha ya walio hatarini zaidi kuangamia na kuwaweka ngazi moja chini yake.

Miongoni mwa waliohesabiwa miaka yote hiyo alikuwemo dume mmoja aliyezaliwa mwaka wa 1978. Mama yake, Puck, alikuwa ameandikwa katika daftari za Karisoke kuwa dume. Puck alipoonekana na mtoto kifuani, Fossey alishangaa kuwa haiwezekani, na mshangao huo ukawa jina la mtoto: Cantsbee. Aliongoza kundi lake kwa zaidi ya miaka 20, wakati mmoja likiwa na gorila 65, na alifariki mnamo 2017 akiwa na umri wa miaka 38.